Makosa ya Kibinadamu na Amana ya Saini



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu wasomaji, wengi wenu mnaikumbuka safari yetu ya daawa ya Jinja mwaka jana. Wakati wa kurudi tulisimama Iganga kwenye kituo cha mafuta. Tukaswali Maghrib na Isha kwa kukusanya, watu wakanunua chapati na maji, kisha tukapanda basi. Mimi ndiye niliyekuwa na fomu ya abiria. Kila tunaposimama kulikuwa na mstari mmoja wa kujaza: idadi, saa, saini. Nikaandika 46, nikatia saini, nikamwambia dereva twende.

Tulipokaribia Tirinyi simu ya Amira ikalia. Dada yetu mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa bado yuko Iganga, peke yake, usiku, anapiga kwa simu ya kuazima. Basi likageuka. Tulimkuta salama, alhamdulillah, amekaa dukani kwa mama mmoja aliyekataa kufunga duka mpaka sisi tufike.

Kwenye kikao cha tathmini nilisimama nikasema: "Nilihesabu nikakosea. Ni makosa ya kibinadamu, naomba radhi." Nikasamehewa pale pale. Kisha kikao kikamgeukia yeye. Kwa nini alikawia chooni? Kwa nini hakumwaga mwenzake? Akaonywa mbele ya watu. Tangu siku ile hajasafiri nasi tena.

Makala hii inahusu maneno hayo niliyoyasema, "makosa ya kibinadamu": yanamfunika nani, na yanamwacha nani wazi.

Bolti 24

Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi. Tangu setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa kutoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022, hana mazungumzo mengine. Muhula uliopita alikuwa anatayarisha mada ya darasani kuhusu makosa yanayofanywa ardhini kabla roketi haijaruka. Hakuwa akizungumzia wanaanga tunaowaona kwenye picha. Alizungumzia mafundi wanaokaza bolti, wanaojaza mafuta, wanaounga nyaya, wanaokaa mbele ya mita usiku kucha. Alikuwa akinisomea visa vyake, nami nina kitabu cha fiqhi ya jinai mbele yangu. Kisa kimoja kiliniondolea usingizi.

Tarehe 6 Septemba 2003, siku ya Jumamosi, katika kiwanda cha kampuni ya Lockheed Martin huko Sunnyvale, California, mafundi walikuwa wanailaza setilaiti ya hali ya hewa iitwayo NOAA-N Prime. Ilikuwa imesimama juu ya toroli maalumu la kuigeuzia. Ilipofika kuinama, ikateleza ikaanguka sakafuni. Bamba la kuishikia kwenye toroli lilipaswa kufungwa kwa bolti 24, na bolti hizo hazikuwepo. Kundi jingine la mafundi lilikuwa limezitoa siku za nyuma bila kuandika popote. Kundi lililokuja kufanya kazi lilikuwa na karatasi ya utaratibu iliyowataka kuhakikisha kwamba toroli liko tayari. Hatua hiyo ilitiwa saini. Lakini aliyetia saini aliegemea kumbukumbu ya jinsi toroli lilivyokuwa zamani, hakwenda kuziangalia bolti. Hakuna aliyeumia, lakini matengenezo yaligharimu dola milioni 135, na setilaiti ile haikuruka mpaka Februari 2009.

Mwenzangu aliponisomea hapo nikamwambia azime taa, nimechoka. Sikuwa nimechoka. Ile 46 yangu ndiyo iliyokuwa idadi ya wakati wa kwenda.

Kukosea na kukusudia

Tunaosoma fiqhi tunajua kwamba wanazuoni wametenganisha kwa makini kati ya amd, yaani kukusudia, na khatai, yaani kukosea. Msingi wake uko katika Qur'ani. Surat al-Ahzab, aya ya 5, inatufahamisha kuwa hatuna lawama kwa tulilolikosea, lawama iko katika lile ambalo nyoyo zimelikusudia. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa umma huu umesamehewa dhambi ya kukosea, ya kusahau na ya kulazimishwa. Hii ni rehema kubwa, na hakuna mwenye haki ya kuifanya finyu.

Lakini wengi wetu tunaishia hapo. Ukisoma Surat an-Nisaa, aya ya 92, utaona kwamba aliyeua kwa kukosea hana dhambi ya muuaji, ila hakuachiwa aende zake akisema "ni bahati mbaya". Yuko chini ya kafara, na familia ya marehemu ina haki ya diya, isipokuwa wakisamehe wenyewe. Dhambi imeondolewa, dhamana imebaki. Msamaha wa Allah kwa aliyekosea haufuti haki ya aliyeumizwa.

Kisha linakuja jambo ambalo nililisoma mwaka wa pili kwa ajili ya mtihani tu, na sasa nalisoma upya. Diya ya kuua kwa makosa hailipwi na aliyeua peke yake. Inabebwa na akila, yaani jamaa zake. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunafahamu akila kuwa ni ndugu wa upande wa baba. Wanazuoni wa Kihanafi wakapanua: akila ni watu wa diwani moja, walioandikwa katika daftari moja la kazi, kama askari wa kikosi kimoja. Na baadhi yao wakaeleza sababu: watu hawa ndio nguvu yake, na wao ndio waliozembea kumwangalia mwenzao. Kwa hiyo kosa limetoka katika mkono wa mmoja, lakini mzigo wake ni wa daftari zima.

Nilipomwambia mwenzangu hivyo akaruka kitandani. Akasema hayo ndiyo wanayoyasema wataalamu wa makosa leo. Akanitajia James Reason, mwanasaikolojia Mwingereza aliyeandika juu ya makosa ya binadamu mwaka 1990, na mfano wake wa vipande vya jibini: kila kinga ina matundu yake, na ajali hutokea pale matundu ya vipande vyote yanapokaa mstari mmoja. Anayeonekana mwishoni ameshika swichi ni wa mwisho tu katika mlolongo mrefu.

Akanipa mfano. Tarehe 6 Januari 1986, huko Florida, chombo Columbia kilikuwa na watu saba ndani, kimebakiza sekunde 31 kiruke. Hesabu ikasimamishwa, kwa kuwa joto la oksijeni inayoingia kwenye injini lilikuwa limeshuka kuliko inavyoruhusiwa. Baadaye ikajulikana kwamba waendeshaji walikuwa wamemwaga bila kujua zaidi ya tani 8 za oksijeni ya kimiminika kutoka kwenye tangi. Valvu moja haikufunga sawasawa, nao hawakuzisoma ishara kama zilivyo. Watu hao walikuwa saa ya 11 katika zamu ya saa 12, na ilikuwa siku yao ya tatu mfululizo ya zamu za usiku. Wiki tatu baadaye chombo Challenger kililipuka kwa sababu nyingine, na tume iliyochunguza msiba ule ilikitaja pia kisa hiki na uchovu wa wafanyakazi.

Sasa niambie, kosa ni la nani? La aliyesoma mita vibaya, au la aliyempangia zamu? Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na wanazuoni wakalinganisha na hasira njaa kali, kiu na usingizi mzito. Hawakusema tu "kadhi ajitahidi". Walimwondoa kwenye kiti mpaka akili yake irudi. Anayemweka mtu aliyechoka mbele ya hatari, kisha likitokea la kutokea akamwita mzembe, amekwepa sehemu yake ya diya.

Saini si khatai

Mwenzangu akafurahi, akatoa hukumu yake: tusimlaumu mtu, turekebishe mfumo. Hapo ndipo tulipotofautiana, na tofauti hiyo haijaisha hadi leo.

Nilimwuliza kuhusu roketi ya Proton iliyoanguka Baikonur tarehe 2 Julai 2013 na setilaiti tatu za Urusi, nusu dakika hivi baada ya kuruka. Uchunguzi ulikuta vipimo vitatu vya mwendo wa kujigeuza vimefungwa juu chini. Vipimo hivyo vina mshale wa kuonyesha upande wa juu, na mahali pake pana vijiti vya kuzuia visikae vibaya. Vililazimishwa vikaingia. Mfumo ulisema "sivyo", mkono ukasukuma. Kisha kazi ikapita kwenye ukaguzi na karatasi zikakamilika.

Mfumo wowote utakaotungwa una mahali pamoja ambapo unamtegemea mtu aseme kweli. Mahali hapo ni saini. Saini ni shahada. Ninapotia saini "nimehakikisha", sisemi kwamba bolti zipo. Nasema kwamba mimi nimeziona. Bolti zikiwa zipo kweli nami sikuziangalia, bado nimesema uongo, ila uongo wangu haujadhuru mtu siku hiyo.

Ndiyo maana naona tunachanganya mambo matatu chini ya jina moja. La kwanza ni mtu anayehesabu kwa uangalifu akaruka namba. Hii ni khatai, hana dhambi, asaidiwe. La pili ni mtu aliyepewa kazi katika hali ambayo yeyote angekosea. Hii ni khatai yake, lakini uzembe ni wa waliomweka hapo. La tatu ni mtu ambaye hakuhesabu akaandika kwamba amehesabu. Kiswahili chetu kinaziita zote tatu "kosa", na huyu wa tatu anajificha nyuma ya wale wawili. Anapojificha, huila rehema waliyowekewa wao, na watu wakishamgundua huanza kuwashuku hata wakosaji wa kweli.

Na kuna madhara mengine. Saini ya uongo haipotei hewani, huhamisha lawama. Kwa kuwa nilisema nilihesabu, watu walidhani hesabu ilifanyika. Na kama hesabu ilifanyika, basi aliyeachwa lazima ana lake. Msichana wa miaka 19 akakaa mbele ya watu akijibu maswali ambayo yangepaswa kuulizwa mimi.

Aliyesema na walionyamaza

Katika fiqhi yetu kuna mlango mzima wa sijda ya kusahau. Allah (s.w.t.) ameifanya swala kuwa nguzo ya dini, kisha ndani yake akaweka utaratibu wa kukosea. Imamu akisahau, wanaume waliomfuata husema subhanallah, na wanawake hupiga kofi. Utaratibu umewekwa kabla ya kosa kutokea, na kila aliyeko nyuma anaujua.

Kumbukeni kisa cha Dhul-Yadayn katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliswalisha moja ya swala za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Wanazuoni wamesema kusahau kwake kulikuwa na hekima ya kutufundisha sheria. Abubakar na Umar (r.a.) walikuwemo, wakaona haya kusema naye. Aliyesema ni Dhul-Yadayn, ambaye historia haimkumbuki kwa cheo. Akauliza kama swala imepunguzwa au amesahau. Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa hakuna kati ya hayo mawili. Kisha hakumkemea, bali akawauliza waliokuwepo kama asemayo ni kweli. Wakathibitisha. Akakamilisha rakaa zilizobaki na akasujudu sijda mbili.

Wekeni kisa hiki karibu na kingine. Tarehe 24 Oktoba 1960, pale pale Baikonur, Wasovieti walikuwa wanaliandaa kombora jipya la R-16. Kulikuwa na haraka ya kuwahi sikukuu ya Mapinduzi mwezi Novemba. Kombora likiwa limeshajazwa mafuta likaonekana na hitilafu. Badala ya kulimwaga mafuta kwanza, mafundi wakaamriwa walitengeneze hivyo hivyo. Marshal Nedelin, mkuu wao, akaketi kwenye kiti karibu na kombora. Nani angethubutu kuondoka, au kusema hili si sawa, na mkuu amekaa pale? Injini ya hatua ya pili ikawaka yenyewe. Walikufa watu kwa makumi, na Nedelin mmoja wao. Serikali ikatangaza kuwa amefariki katika ajali ya ndege, na ukweli haukukubaliwa hadharani mpaka mwaka 1989.

Tofauti kati ya visa hivi viwili haiko katika elimu. Watu wa Baikonur walikuwa wataalamu. Tofauti ni kwamba msikiti wa Madina ulikuwa mahali ambapo mtu wa kawaida aliweza kumwuliza kiongozi mbele ya watu, na kiongozi akataka uhakika kwa wengine kabla ya kuendelea. Na sisi katika jumuiya zetu tujiulize. Siku ile Iganga, kijana mmoja nyuma ya basi alisema, "Tumekamilika kweli?" Nilimsikia. Nilimjibu, "Fomu ishajazwa."

Kadari

Kuna ndugu aliyesema kwenye kikao kwamba yote ni kadari. Ni kweli, na sote tunaiamini. Lakini Umar (r.a.) alipolirudisha jeshi lisiingie Sham kwenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari, naye akafahamisha kuwa kuepuka hatari nako ni ndani ya kadari ya Allah. Setilaiti ya Uganda ilikuwa iruke tarehe 6 Novemba 2022. Kengele ya moto ikalia katika chumba cha kuongozea chombo kilichoibeba, huko Dulles, watu wakatoka nje, na safari ikasogezwa siku moja. Hakuna aliyesema "litakalokuwa na liwe, tuendelee". Kesho yake iliruka salama. Kadari husemwa kwa unyenyekevu baada ya mtu kutimiza wajibu wake. Kabla ya hapo mara nyingi ni jina la heshima la uvivu.

Nilichobakiwa nacho

Najua kwamba dini yetu inahimiza mtu ajisitiri na asitangaze dhambi zake. Nimelifikiri hilo sana kabla ya kuandika. Lakini sitara ni kwa lile lililo kati ya mja na Mola wake. Penye haki ya mtu mwingine, na hasa penye lawama iliyomwangukia asiyestahiki, toba haitimii mpaka haki irudi. Nilimkosea mbele ya watu, siwezi kumtakasa kwa siri.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita nilikwenda kwake pamoja na Amira. Nikamweleza: sikuhesabu. Sikukosea hesabu, sikuhesabu kabisa. Alinyamaza muda. Kisha akauliza swali moja tu: kwa nini siku ile nilimwacha ajibu. Sikuwa na jibu, na bado sina. Ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Hajaniambia kama amenisamehe, na sikumwuliza, kwa sababu msamaha ni haki yake, hauko katika orodha ya mambo ya kudai.

Kwa upande wa jumuiya, Amiri amekubali mambo matatu. Fomu sasa itakuwa na majina na si idadi, kwa sababu namba inaweza kutungwa lakini jina linahitaji mtu aitike. Watahesabu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja kwa karatasi yake. Na yeyote ndani ya basi, hata awe mgeni wa siku moja, akisema "bado", gari halitaondoka mpaka atakapojibiwa. Haya ni ya daftari, ni sehemu ya akila. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo litakalozuia mtu kuandika asichokiona. Hilo limebaki kwa kila mmoja wetu na kalamu yake, iwe yuko kwenye basi la chuo, wodini, ofisini, au chini ya roketi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipokosea na tuliposahau, na utupe ujasiri wa kutokuviita hivyo vile tulivyovifanya kwa kujua.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.